Kilima Nilichochora Nyuma ya Jiko

Maharage makavu yakimwagwa kwenye beseni la bati hutoa sauti inayofanana na mvua ya ghafla juu ya mabati, ila hukatika mapema kuliko mvua. Nikiisikia popote, hata sokoni hapa Goma, mabega yangu hupanda yenyewe kama ya mtoto anayejua ameharibu kitu na bado hajaulizwa. Sauti hiyo inanirudisha Nyabiondo, kwenye ua wetu uliokuwa umeegemea mlima, katika majuma yale machache yaliyo kati ya kuvuna na kupanda tena. Maganda yaliyokwisha kupurwa yalikuwa yakichomwa pembeni, moshi wake mchungu ukitambaa chini chini kwa sababu ya ubaridi, na mama yangu alikuwa akipita na fimbo ya kupuria begani huku akiimba sauti ya pili ya wimbo wa kwaya, peke yake, kana kwamba wenye sauti ya kwanza walikuwa ng'ambo ya bonde wakimsubiri. Nilikuwa na miaka kumi. Riziki alikuwa na tisa.

Riziki ni binti wa mama yangu mdogo. Alizaliwa Walikale, kwenye msitu, ambako watu hula ndizi na mihogo na hawajui habari nyingi za maharage, na msimu ule aliletwa kwetu kwa sababu mama yake alikuwa amejifungua mapacha. Alishuka kwenye pikipiki akiwa na mfuko mmoja wa nailoni na viatu ambavyo havikuwa vya mguu wake. Ninaeleza haya yote kwa utulivu, lakini siwezi kuendelea bila kusema jambo ambalo wasomaji wengine huenda wanalijua. Riziki huyo ndiye yule anayetengeneza michezo ya kompyuta, ile ya kupanga na kufikiri, ambayo vijana wanaicheza kwenye simu hadi nchi ambazo mimi nazijua kwa ramani tu. Mchezo wake mkubwa unahusu kilima. Kila mchezaji ana mashamba juu, katikati na bondeni, ana mbegu za rangi mbalimbali, na ana mvua asiyoweza kuiamuru. Wanaousifu husema ujanja wake wote umo katika kuchanganya: anayepanda rangi moja hupata mavuno makubwa mwanzoni kisha hupoteza vyote, na anayechanganya mbegu hubaki amesimama. Nimesoma sifa hizo zote. Nimezisoma kuliko nilivyosoma kitabu changu cha kumaliza shahada.

Nilisomea kompyuta mimi, si yeye. Miaka mitano, hapa hapa Goma, nikinakili masomo kwa mkono umeme ukikosekana. Riziki aliishia sekondari. Alipokuwa akikata makaratasi ya maboksi na kuchora kadi za mchezo wake wa kwanza, ule wa madereva wa pikipiki wanaochagua njia wakati wa matope, mimi nilikuwa nafanya mtihani wa hesabu na nilimwonea huruma. Mchezo wa pili, wa wauza samaki, haukupendwa na mtu, na nakiri kwamba juma lile nililala vizuri. Kisha ukaja wa kilima. Akaitwa Kampala, akaitwa Nairobi, akapandishwa jukwaani Ulaya akiwa na kitenge cha mama yake mabegani. Mimi nilikuwa katika staji, mafunzo ya kazi yasiyolipwa, kwenye ofisi ambako kazi yangu ilikuwa kunyoosha karatasi zilizokwama ndani ya mashine. Siku aliyopata tuzo nilimwandikia maneno manne ya pongezi, nikayafuta mara sita kabla ya kuyatuma, kwa sababu kila nilipoyasoma niliona meno yangu yakisagana ndani yake. Halafu nikatafuta watu walioandika kwamba mchezo wake unachosha. Walikuwa wachache. Nikawahifadhi kwenye simu.

Wivu wangu ulikuwa na hoja, na hoja hiyo ilinilinda kwa miaka: kilima kile nilikichora mimi. Nyuma ya jiko letu palikuwa na kipande cha udongo mwekundu uliokanyagwa ukawa laini, na kabla Riziki hajafika nilikuwa nimechora hapo mlima kwa kijiti, wenye ngazi tatu, njia moja ya miguu na mto chini. Maharage yalikuwa wakulima wangu. Niliyapa tabia: mekundu makubwa yalikuwa na nguvu lakini yaliogopa baridi, meusi madogo yalivumilia kila kitu ila yalizaa kidogo, ya njano yalipenda maji, meupe hayakuwa na kazi yoyote kwa kuwa sikuyapenda. Mvua ilitoka kwenye vifuniko vitatu vya soda. Vikianguka chali vyote, jua limeunguza shamba la juu. Vikianguka kifudifudi vyote, bondeni kumeoza. Nilimfundisha Riziki siku aliyofika. Nilichukua mekundu, nikampa meupe, na nilimshinda kila siku kwa muda wa wiki mbili. Alikuwa akishindwa bila kulalamika, akichuchumaa na kidevu juu ya magoti, akitazama ubao wa udongo hata baada ya mchezo kwisha. Nilidhani ni upole. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba alikuwa kazini.

Kisha ikafika siku ya mbegu. Mama aliondoka alfajiri kwenda Masisi kwenye mkutano wa kwaya, akatuachia kazi ya kuchambua maharage ya kula, kutoa vijiwe na yaliyotobolewa. Tulimaliza mapema. Mimi nilikuwa mtoto wa kutafuta kusifiwa, na juu ya jiko, kwenye moshi, kulikuwa na vifuko viwili vya mbegu: kimoja cha shamba la juu, kimoja cha shamba la chini. Nilivishusha. Ndani nilikuta fujo, rangi zote pamoja, makubwa na madogo, na niliona aibu kwa niaba ya mama yangu. Nikatandika shitingi uani, lile turubai la plastiki tulilopuria, nikamwaga vifuko vyote viwili hapo hapo, sauti ya mvua ile, na nikaanza kutenganisha rangi na rangi.

Riziki alisimama ukingoni mwa shitingi, hana hakika kama ni Mama aliyeagiza. "Dada, Mama njo alisema tutenganishe?"

"Wewe unatoka Walikale," nikamjibu. "Unajua nini ya maharagi? Kaa chini, uchukue nyeusi."

Alikaa, akachukua nyeusi. Hadi saa tisa tulikuwa na marundo sita, safi, ya kupendeza, na nilikuwa nimeyapanga kwa mstari kuelekea njia ili Mama ayaone kutoka mbali. Aliyaona kutoka mbali. Wimbo ulikatika katikati ya neno.

"Solange. Hii ni ya kula ao ni ya mbegu?"

"Ya mbegu, Mama. Nilisafisha."

"Ulisafisha!" Aliketi juu ya jiwe la kusagia akiwa bado na Biblia kwapani. "Bibi yangu alichanganya, mama yangu akachanganya, mimi nikaongeza ya njano mwaka ule wa maji mingi. Mutoto wangu anasafisha. Sasa ya juu iko wapi? Ya chini iko wapi? Baridi ikikamata hii nyekundu, tutakula nini, mistari yako?"

Mgeni asiye wa milima yetu angefikiri kwamba kurudisha mbegu mahali pake ni kuzimwaga tu pamoja tena. Lakini shamba la juu lilikuwa na mchanganyiko wake na la chini lilikuwa na wake, na kiasi cha kila rangi hakikuandikwa popote. Kilikuwa mikononi mwa Mama. Ilimchukua siku mbili. Alikaa kati ya marundo, akafumba macho, akachota viganja vitatu vya nyeusi, kimoja cha njano, nusu cha nyekundu, akavikoroga, akatazama, akatikisa kichwa, akaanza upya. Niliadhibiwa kukaa mbele yake na kumshikia kitunga. Nililia siku zote mbili, kwa hiyo sikuona kitu. Riziki hakuadhibiwa, ila alikuja akakaa, na hakulia. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Alikuwa akihesabu viganja.

Siku ya tatu tulirudi kwenye kilima nyuma ya jiko. Nilichukua mekundu yangu. Riziki hakuchukua meupe. Alifungua kiganja na ndani mlikuwa na rangi zote, nyeusi nyingi juu ya mlima, njano nyingi chini. Raundi ya kwanza nilivuna mara mbili yake nikamcheka. Raundi ya pili vifuniko vilianguka kifudifudi vyote. Raundi ya tatu vikalala chali. Mimi sikubaki na punje. Yeye alikuwa na tano, kila moja na rangi yake, zimekaa pale kama watu waliotoka kanisani.

"Unaiba!" nikasema.

"Naiba nini? Nani njo alisema rangi moja?"

Hakuna aliyekuwa amesema. Nilifikiri haraka, kama ninavyofikiri hadi leo nikibanwa, yaani vibaya. "Mimi. Mimi njo nasema. Mchezo iko yangu, na hapa kwetu muntu anacheza rangi moja."

Riziki akakusanya punje zake tano, akaziweka mfukoni, akachukua meupe. Alicheza meupe hadi msimu ulipokwisha na baba yake alipokuja kumchukua kwa pikipiki, akishindwa kila siku, kwa adabu, kwenye nyumba ambayo alikuwa mgeni. Mara mbili nilimkuta peke yake nyuma ya jiko asubuhi, akicheza pande zote mbili na mbegu zilizochanganywa. Aliponisikia alifuta kwa unyayo.

Hili nililifahamu sikuzote, lakini nililiweka mbali, kama unavyoweka barua ambayo jibu lake unalijua. Kisha mwezi uliopita Riziki alinitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake kulisikika magari mengi na mtu akicheka. Alisema wanaandaa toleo jipya la mchezo wa kilima, na mwanzoni kutakuwa na ukurasa wa majina ya waliouanzisha. "Dada Solange, kichwa yangu inasahau. Ile ya kuchanganya, watu wananiuliza kila mahali ilitoka wapi. Mimi naona njo wewe ulinionyeshaka, siku zile za mbegu. Ao sivyo? Niambie tu ndiyo, naandika jina yako."

Ndiyo. Herufi tano. Nilikaa nazo siku tisa. Nilijiambia kwamba bila kosa langu Mama asingechanganya upya mbele ya macho ya Riziki, kwa hiyo kosa langu ndilo mzazi wa ile sheria. Nilijiambia kwamba mwajiri akiona jina langu pale, staji itakuwa kazi. Niliandika "Ndiyo, unakumbuka vizuri", nikaona meno yangu tena, nikafuta. Nilijiuliza kama ananitega. Nilijiuliza kama ni huruma, na hilo liliniuma zaidi ya mtego, maana huruma ndiyo niliyompa mimi wakati wa kadi zake za maboksi.

Siku ya tisa nilimkuta Mama jikoni. Tunaishi naye hapa Goma sasa, kwa kaka yangu, tangu njia ya kwenda Nyabiondo ilipokuwa ya hatari. Shamba la juu hatujalipanda kwa misimu kadhaa na hatujui nani amelipanda. Alikuwa ametoka sokoni. Hapa maharage huuzwa yakiwa yametengwa rangi na rangi, marundo mazuri kama yale yangu, na Mama alikuwa amenunua vipimo vitatu tofauti na alikuwa akivimwaga pamoja kwenye beseni la bati. Mabega yangu yakapanda.

"Mama, unakumbuka msimu nilitenganisha mbegu?"

Alicheka hadi akashika ukuta. "Weee! Siku mbili! Mugongo iliniuma mpaka Pasaka. Na ule mutoto wa mudogo wangu alikaa pale, macho kama ya askari wa barrière anayekagua mizigo barabarani." Akakoroga beseni kwa mkono, akatazama, akatikisa kichwa, akaongeza kiganja cha nyeusi. Haya yalikuwa ya kupika. Hapa hakuna shamba la kuyapanda, na bado alitafuta kipimo.

Nilitoka nje nikamwandikia Riziki, kabla akili yangu haijaniwahi. Nikamwambia: Hapana. Kuchanganya ni kwa Mama, na aliyekuwa akitazama ni wewe. Mimi nilikukataza.

Alijibu jioni ile ile, kwa maandishi mafupi. Atamwandika Mama. Halafu swali: na kilima, dada? Kilima nani alichora?

Hilo sikulifikiria hata dakika moja, jambo ambalo kwangu ni ajabu. Nikaandika: Mimi.

"Hiyo sikuisahauka," akajibu.

Ukurasa wa majina umetoka. Mama yupo juu, kwa jina lake kamili, na hajui kuusoma vizuri kwenye kioo kidogo cha simu. Mimi nipo chini yake, mstari mmoja, mchoraji wa kilima cha kwanza. Riziki yupo kila mahali pengine. Bado ninamwonea wivu, sitaki kudanganya, na sasa nakuta ninamwonea kidogo na Mama. Staji haijawa kazi. Lakini juzi, kwa mara ya kwanza, niliufungua mchezo wenyewe, ambao nilikuwa nimekataa kuugusa kwa miaka yote hii. Kilima kilitokea polepole kwenye kioo: ngazi tatu, njia moja ya miguu, mto chini. Na pale chini, upande wa kushoto, njia ilikuwa na kona isiyo na maana yoyote, kona ambayo mchezaji hawezi kuitumia kwa lolote. Siku ile nyuma ya jiko, kijiti changu kiligonga jiwe hapo. Nikapanda mekundu peke yake, na mvua ya tatu ikachukua yote.