Dirisha la Ewald

Roswitha Lindhorst, mjane wa miaka sabini na minne, alisifika katika kijiji chake cha milima ya Harz, kule Ujerumani, kwa kufungua madirisha. Asubuhi na jioni aliyafungua wazi, hata theluji ikianguka. "Hewa iliyolala ni ugonjwa," alikuwa akisema. Dirisha moja tu hakuligusa, la chumba cha kulala, tangu siku ile ya Februari alipofariki mumewe, Ewald.

Watu wa pale, mtu akikata roho, hufungua dirisha papo hapo, roho ipate njia. Siku ile baridi ilikuwa ya kupasua mawe. Roswitha alikwishashika kitasa, ndipo akakumbuka kelele za mumewe za miaka yote: "Funga, we mwanamke! Unapasha joto kijiji kizima!" Akakiachia kitasa, dirisha likabaki limefungwa. Tangu hapo kila akiingia chumbani alihisi hayuko peke yake.

Ilipofika Oktoba, ukuta wa chumba hicho ulikuwa umeota ukungu mweusi, naye anakohoa. Daktari hakumficha: nyumba ipate mashine ya kubadilisha hewa, la sivyo mapafu yake hayatavuka majira ya baridi.

Akaja fundi Bodo, kijana aliyemjua tangu anatambaa.

"Mama, ziko mbili. Moja ni sanduku la darini lenye mabomba, limetulia kama maji mtungini. Nyingine hii niliyokuja nayo, ya ukutani. Hewa chafu ikitoka inaacha joto lake kwenye kigae hiki cha ndani, hewa safi ikiingia inalibeba. Joto halipotei."

"Na vingine?"

"Vingine vipi?"

"Vilivyomo hewani, Bodo. Usinifanye mtoto."

"Unyevu, harufu, vyote nje! Au mama unataka kubaki na soksi za mzee?" Alicheka, akamwona uso, akakoma.

"Iwashe hiyo ya ukutani."

Bodo akaiweka kitandani, upande wa Ewald, akaiwasha. Ikatoa pumzi ndefu. Ikanyamaza ili igeuze feni. Ikavuta.

Roswitha akashika ubao wa kitanda. Ndivyo Ewald alivyopumua siku zake tatu za mwisho.

"Nataka hii," akasema upesi, kama mwizi.

Mashine ikanyamaza tena. Moja, mbili, tatu... Akagundua kwamba naye amezuia pumzi, kama alivyoizuia siku ile, akiisubiri pumzi ambayo haikurudi. Mashine ikavuta. Kumbe angesubiri hivi kila dakika mpaka kaburini.

"Izime. Niwekee la darini."

"Una hakika, mama?"

Roswitha alikwenda dirishani, akazungusha kitasa, akavuta kwa mikono miwili. Baridi ikaingia mzimamzima, na pazia, ajabu, likavutwa kuelekea nje. Bodo, mtoto wa kijiji kilekile, alivua kofia.

"Haya, mzee wangu," Roswitha akanong'ona. "Nenda. Kapashe kijiji kizima."