Deki ya Kufunga ya Baba

Baba alianza kucheza kadi kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumfanyia majaribio. Nilikuwa na deki mpya, kadi sitini nilizozipanga mwezi mzima, na kabla ya kuipeleka kwa wenzangu Jumamosi nilihitaji mtu wa kukaa upande wa pili wa meza. Mama alikuwa ameenda sokoni. Baba alikuwa kwenye kochi sebuleni kwetu mtaani Jericho, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine, akitazama ukuta.

Alikuwa mchongaji. Alikuja Nairobi kutoka Ukambani akiwa kijana, na kwa zaidi ya miaka thelathini alichonga twiga na swala kwa tezo na patasi katika karakana moja huku huku Eastlands. Kisha asubuhi moja kiharusi kikampata akiwa anafunga kamba za viatu. Maneno yalimrudia baada ya wiki chache, polepole, na mguu ukafuata. Mkono ulibaki nyuma. Hospitalini walimpa mpira mdogo wa kufinya, mara hamsini asubuhi na mara hamsini jioni. Aliufinya siku mbili. Siku ya tatu niliukuta chini ya kochi, na nilipomrudishia akaniambia, "Mimi si mtoto mchanga."

Mimi ni karani katika ghala la mbao na misumari kule Baba Dogo. Jumamosi tunafunga saa saba, na alasiri nilikuwa nikienda kwenye ukumbi mmoja mtaani Ziwani ambako watu kama kumi na tano hivi tulikutana kucheza. Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Kila mchezaji ana deki yake na pointi ishirini. Kila zamu unachota kadi moja, unaweka mezani unazoweza, na kadi zako zinampunguzia mwenzako pointi. Anayefika sifuri ameshindwa. Kazi iko kwenye kupanga deki: kati ya maelfu ya kadi zilizopo duniani, uchague sitini zako. Kadi halisi ni adimu huku kwetu, kwa hiyo tulikubaliana tangu mwanzo kwamba mtu anaweza kuchapisha zake saiba, kwenye duka la kompyuta, akazikata kwa makasi na kuzitia kwenye vifuko vya plastiki. Hakuna aliyeshinda kwa sababu ya kuwa na mjomba ng'ambo.

Mimi nilipenda kombo. Hizo ni kadi mbili tatu ambazo kila moja peke yake haitishi, lakini zikikutana mezani mchezo umekwisha. Ile deki yangu mpya ilikuwa na Kengele na Mtumishi. Kengele ikilia, Mtumishi anaamka. Mtumishi akiamka, anapiga Kengele kisha analala. Kengele ikilia, anaamka tena. Ukiweka kadi ya tatu inayosema kila mlio unampunguzia mpinzani pointi moja, basi unahesabu hadi ishirini na kukusanya kadi zako.

Siku hiyo nilimpa Baba deki nyingine, nikamfundisha sheria, na katika zamu ya tano nikamhesabia hadi ishirini.

"Hii inaitwaje?" akauliza.

"Kombo, Baba."

"Kombo. Kwa hiyo imepinda."

"Ni Kizungu. Maana yake ni kadi zinazoshikana."

"Hata hivyo imepinda. Nimekaa hapa, sijafanya lolote, na nimekufa." Akazitazama zile kadi. "Hakuna kadi za kumzuia mtu?"

Zilikuwepo. Kuna watu wanaopanga deki nzima za kuzuia, na pale Ziwani tuliziita deki za lokdauni, neno ambalo sote tulilijua vizuri kuliko tulivyotaka. Hakuna aliyezipenda. Ukicheza na mwenye deki hiyo unakaa na kadi mkononi usiweze kuzitumia. Nilimweleza Baba hivyo, nikidhani nitamkatisha tamaa.

"Niletee hizo," alisema.

Nikamletea sanduku langu lote la kadi. Maandishi ya kadi ni ya Kiingereza, na tangu augue kusoma kulikuwa kunamchosha, kwa hiyo jioni baada ya kazi nilimwandikia maana ya kila kadi kwa Kiswahili kwenye vipande vya karatasi. Ilichukua wiki. Alichagua kama alivyokuwa akichagua gogo: anaiangalia kadi, anaiweka kando, anairudia kesho yake. Mwishowe deki yake ilisimama juu ya kadi tatu. Lango, linalosema kila mchezaji anaweka kadi moja tu kwa zamu. Ukame, unaosema aliyelala haamki. Na Kobe, ambaye halali kamwe na humpunguzia mpinzani pointi moja tu kila zamu. Kadi nyingine zote zilikuwa za kumweka hai mpaka hizo tatu zifike.

Ukame uliiua kombo yangu kabisa. Mtumishi alipiga Kengele mara moja, akalala, basi. Lakini deki ya Baba ilikuwa nzito, ya polepole, na mara nyingi nilimaliza kabla Ukame haujatoka. Tatizo jingine lilikuwa mkono. Alizishika kadi kwa mkono wa kushoto, na alipojaribu kuchomoa moja kwa ule wa kulia, zilimwagika mezani zikiangalia juu. Nilikuwa nageuza uso nijifanye sijaziona.

Kisha nikafanya kosa. Jioni moja alikuwa na Lango mezani, amebakiza pointi tatu, na jasho limemtoka kwenye paji la uso. Kadi ya kummaliza nilikuwa nayo. Sikuiweka. Baada ya zamu kadhaa Ukame ukatoka, Kobe akaanza kutembea, na Baba akanishinda kwa mara ya kwanza. Hakufurahi. Alinyoosha mkono wa kushoto, akageuza kadi zangu zilizobaki moja moja.

"Ulikuwa nayo," alisema.

"Sikuiona, Baba."

"Umeipanga mwezi mzima, halafu hukuiona."

Akaitia deki yake kwenye boksi na kunisukumia. Kwa siku nne hakucheza wala hakuzungumza nami zaidi ya salamu. Siku ya nne nilimkuta Mama jikoni akikata sukuma wiki, nikamwambia sijui la kufanya.

"Watu wote wanamwonea huruma," Mama alisema bila kuinua macho. "Kanisani wanamshika kana kwamba atavunjika. Wewe ndiye mtu pekee aliyekuwa akimpiga."

Niliingia sebuleni, nikaweka maboksi mawili mezani, nikakaa. Sikuomba radhi, kwa sababu nilijua angeikataa. Nilimwambia tu, "Leo hutapona." Akasogeza kiti. Nilimshinda mara saba mfululizo kabla ya chakula, na kila mara alichukua kalamu kwa mkono wa kushoto akaandika kitu kwenye daftari kwa herufi kubwa zilizolala.

Kuanzia hapo akaanza kunipa shida ya kweli. Alitoa kadi kumi na mbili kwenye deki na kuingiza nyingine ndogo zinazowekwa mapema, za kunichelewesha zamu mbili za kwanza. Alimtuma Mama karakana amwombe mwenzake wa zamani kipande cha mti wa mhugu chenye mfuo katikati, kama kiganja kirefu. Mwenzake alikata mfuo, lakini Baba alisema asiguse zaidi. Alikipiga msasa mwenyewe siku nne, kwa mkono ule mbovu, akikibana kwa mapaja, mpaka kadi ikiteleza ndani haikwami. Kisha akazipanga kadi zake humo, zimesimama, mimi nikiona migongo yake tu. Hazikumwagika tena.

Kilichobaki ni kuchanganya. Hakuweza kuzichanganya kwa mikono miwili kama sisi, kwa hiyo alizigawa mafungu saba, kadi moja moja, kwa mkono wa kulia. Aliushurutisha. Kidole gumba na cha shahada vilikutana juu ya kadi, vikaikosa, vikarudi. Mara ya kwanza ilimchukua karibu nusu saa na alikunywa maji mara mbili. Baada ya mwezi nilimpima kwa simu: dakika sita.

"Nataka kwenda Ziwani," alisema.

Nilimwambia ukweli. Kule kuna mechi tatu, kila moja dakika hamsini, na vijana hawana subira. Alijibu kwamba na yeye hana.

Jumamosi hiyo tulipoingia, vijana walisimama kumpisha, "Habari yako, mzee," wakamtafutia kiti chenye mgongo. Mechi ya kwanza alipangwa na kijana mwenye deki ya mbio, na alipoanza kugawa mafungu yake saba yule kijana akatazama saa ya ukutani, akamtazama msimamizi wetu. Msimamizi alikuja akainama.

"Mzee, mwanao anaweza kukuchanganyia. Hakuna shida."

"Kadi ni zangu," Baba alisema, na akaendelea kugawa.

Alishindwa haraka. Lango halikutoka hata mara moja.

Mechi ya pili walimpanga na mchezaji wetu bora, binti mmoja ambaye siku nyingine humsaidia mamake kwenye duka la jumla la mashuka huko Eastleigh. Alikuwa mkali wa kombo kuliko mimi. Alimwamkia Baba kwa heshima, akarekebisha mtandio wake, akangoja mafungu saba yaishe bila kutazama saa. Mimi nilikuwa nimemaliza mechi yangu mapema, nikasimama nyuma.

Zamu ya nne Lango likatoka. Zamu ya sita, Ukame. Kadi zote za yule binti zikalala, na kila zamu aliweka moja isiyomfaa kitu. Kobe wa Baba akaanza kumwondoa pointi moja moja. Kumi na saba. Kumi na sita. Watu wakakusanyika.

"Hii ni kama kungoja kitambulisho," mmoja alisema.

"Dada, kubali tu yaishe," mwingine akamwambia.

"Naendelea," alijibu yule binti. "Nina kadi moja humu inayoweza kuvunja Ukame. Sitaondoka kabla sijaitafuta."

Baba alimtazama, na nadhani alimpenda kwa jibu hilo. Wakaendelea. Mkono wa kulia wa Baba ulikuwa umechoka, lakini hakuchota kwa ule wa kushoto. Binti alipobakiza pointi tatu akaipata kadi yake, akaiweka. Ukame ulivunjika. Lakini Lango lilikuwa bado limesimama, na kadi moja kwa zamu haikumtosha kujenga kombo. Akaweka ya kwanza. Zamu iliyofuata akaweka ya pili. Alihitaji ya tatu, na Kobe akawahi, dakika mbili kabla ya muda kwisha.

"Hiyo deki ni mbaya sana, mzee," alisema akitabasamu. "Ningekuwa wewe ningeongeza Ukame mwingine."

"Niandikie," Baba alimwambia, akamsukumia daftari.

Mechi ya tatu walinipanga na Baba. Alipokuwa akigawa mafungu yake, alisema taratibu ili wengine wasisikie, "Ukinionea huruma nitajua."

"Najua utajua."

Nilikuwa nimebadilisha deki yangu wiki hiyo bila kumwambia. Nilikuwa nimeingiza kadi ya kuangusha Lango, na kombo ndogo isiyomtegemea Mtumishi kuamka. Naye alikuwa amebadilisha yake bila kuniambia. Mara mbili alinizuia mahali ambapo sikutarajia, na kwa muda mrefu niliamini nimefungwa. Nilikaa na kadi zangu nikizihesabu upya, na yeye amekaa wima nyuma ya kile kipande cha mhugu akiningoja. Kisha nikaona njia ya zamu tatu. Niliifuata. Niliangusha Lango, nikaweka kadi zangu mbili, na nikamhesabia kutoka kumi na moja hadi sifuri, kwa sauti, kama tunavyofanya kwa kila mtu.

Baba aliitazama meza. "Ulianza kuiona lini?"

"Ulipoweka Kobe mapema."

Alitikisa kichwa, akaandika.

Mkono haukurudi kama tulivyoomba. Unashika kadi, kijiko na kifungo cha shati, lakini tezo haushiki, na mwaka huu aliwapa wenzake wa karakana vifaa vyake vyote. Alivipeleka mwenyewe, hakutaka nimbebee. Siku hiyo hakula chakula cha mchana, na hatukumlazimisha. Jumamosi zikifika anaondoka nyumbani mapema kuliko mimi, kwa sababu anatembea sehemu ya njia. Yule binti humwekea kiti.

Wiki iliyopita alishindwa mechi zote tatu. Alirudi, akaomba chai, akaniambia nitoe meza nje barazani ambako kuna mwanga zaidi, kwa sababu kuna kadi nane anataka kuziondoa na hajaamua zipi.