Choo cha kukaa, bomba la karibu na mlango, na mama mkwe wangu kutoka Chala

Wakuu, amani iwe kwenu. Wakubwa zangu shikamooni, na wadogo nawaitikia marahaba kabla hamjaniamkia.

Mimi ni katekista mstaafu, naishi Sumbawanga. Ninayosimulia yalinitokea mwenyewe. Shahidi ni mke wangu, ambaye hajawahi kunipendelea.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka ya mjini yalianza kujaa vitu ambavyo zamani tuliviona kwa mapadre tu, yakiwemo masinki meupe ya choo cha kukaa.

Mama mkwe wangu, mkulima wa Chala, aliumia nyonga. Ikabidi aje akae kwetu ili awe karibu na hospitali. Kuchuchumaa hawezi, na choo chetu kilikuwa cha kuchuchumaa.

Nikanunua sinki la kukaa. Nikamshukuru Mungu.

Nilishukuru mapema kidogo.

Fundi Deus aling'oa sinki la zamani, akaangalia shimo, kisha akaniangalia mimi.

"Mwalimu, aliyejenga nyumba hii alikuwa na ugomvi na nani?"

Bomba la kutolea uchafu lilichomoza sakafuni karibu na mlango, badala ya kule nyuma ukutani. Sinki la kuchuchumaa liko chini, kwa hiyo miaka yote mlango ulipita juu yake bila shida. La kukaa lina kimo. Ukiliweka juu ya bomba, mlango unaofungukia ndani unaligonga.

"Tugeuze mlango ufungukie nje," Deus akasema. "Kazi ya nusu siku."

Nikakataa. Nje ya mlango ule ni sebuleni, mbele kabisa ya kiti changu. Wa kufungukia ndani angeufungua kidogo akachungulia kwanza; huu angeusukuma mpaka karibu na magoti yangu. Mama mkwe atoke chooni, tutazamane? Mimi nikimwona njiani naingia kwenye majani ili apite.

"Basi tumuulize mama mwenyewe."

Kumuuliza mama mkwe habari za choo. Nilimsamehe, maana alikuwa hajaoa.

Tukaja na mpango mwingine. Sinki likae nyuma ukutani, kipande cha bomba kilale juu ya sakafu mpaka kwenye lile shimo. Lakini uchafu unataka mteremko, na mteremko unataka kimo. Tukainua jukwaa la matofali na saruji. Ngazi tatu.

"Inafanana na altare," mke wangu akasema.

Nikamwambia asikufuru. Lakini nilipopanda kujaribu kukaa, nikiona mtaa mzima kupitia kidirisha cha juu, nikajua hakusema uongo.

Tukamwaga ndoo ya maji. Yakaenda vizuri ajabu. Nikapiga ishara ya msalaba.

Mama mkwe akafika kwa basi, na magongo mawili. Tukasalimiana kwa mbali, kila mtu akitazama chini. Baada ya chai mke wangu akamsindikiza chooni, nami kwa heshima nikatoka uani.

Nikasubiri kusikia maji.

Kisha mke wangu akatoka kutafuta ndoo yenye mfuniko.

"Baba Anjela, mama yangu hawezi kuinua mguu. Wewe umemjengea ngazi."

Wakuu, wiki nzima nilipima bomba, ukuta na mteremko. Mguu wa mama niliukumbuka kwenye sala tu.

Siku mbili alitumia ndoo chumbani. Siku ya tatu akafunga mzigo wake wa kanga. Alisema anarudi Chala, afadhali nyonga ipone vibaya kuliko binti yake kumbebea ndoo. Hospitali ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kumhudumia. Mke wangu akalia.

Nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nikisikia yote. Mama alijua nasikia. Ndiyo sababu akapaza sauti.

"Mwambie mkwe avunje kichuguu chake. Sinki likae juu ya bomba, mlango ufungukie nje."

"Mama, anaona haya. Kiti chake kinatazama mlango huo."

Mama akamuuliza:

"Kwani kiti chake nacho kimejengewa saruji?"

Deus akarudi na nyundo. Akavunja ngazi zangu tatu, akaweka sinki juu ya bomba, akageuza mlango. Kufikia saa nane mchana kila kitu kilikuwa tayari.

Mama akafungua mzigo wake, akakaa nasi mpaka alipoweza kutembea kwa fimbo moja. Namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo.

Nilichojifunza: nilidhani namheshimu mama mkwe, kumbe nilikuwa nalinda haya yangu mwenyewe, tena kwa saruji. Ukimtengenezea mtu kitu, tafuta hata mtu wa kumtuma akamuulize.

Mafundi mliomo humu, nisahihisheni kuhusu ule mteremko. Na wenye wakwe, semeni ninyi mngefanyaje.

Mimi siku ile nilikiinua kiti changu kwa mkono mmoja, nikakigeuza kikatazama dirisha. Hakikuwa kizito.