Ziara ya Dola Kubwa Kisiwani

Tasnifu yangu ya chuo kikuu, kule Bukavu, upande wa Kongo, ilihusu uhusiano wa kidiplomasia kati ya taifa dogo la kisiwa na dola moja kubwa. Bahari sikuwa nimewahi kuiona. Niliandika kurasa nyingi juu ya hadhi, itifaki na mabalozi, na aliyezisoma zote ni msimamizi wangu, ingawa hata yeye namshuku. Tangu familia yetu irudi Rwanda, hakuna mtu wa Kamembe, mji tunakoishi, aliyeniuliza neno juu ya visiwa, mpaka dada yangu alipohitaji msemaji.

Dada aliolewa Nkombo, kisiwa chetu cha ziwani, na mumewe alifariki akimwachia mwana mmoja. Kijana huyo alimpenda binti wa mfanyabiashara mkubwa wa Kamembe, mwenye maduka karibu na soko na malori yanayovuka daraja la mpakani kuingia Bukavu. Vikao vyote vya maandalizi vilifanyika kwa mzee huyo. Kila mara dada ndiye aliyevuka kwa mtumbwi wa injini na ndoo ya sambaza, dagaa wa ziwa letu, akarudi na ndoo tupu na shukrani.

"Banamuchukua mutoto, sawa, bamuchukue," aliniambia kwa Kiswahili chetu cha Bukavu. "Lakini kwabo hakuna mutu mwenye anajua nyumba yangu. Bakifunga ndoa bila kukuya, habatakuya tena. Atakuwa mutoto wa Kamembe, na mimi nitakuwa maman wa sambaza. Wewe si njo ulisoma mambo ya inchi na inchi?"

Nilisoma, kweli. Nilishaandika kwamba nchi ndogo haitaki misaada tu. Inataka rais wa ile kubwa ashuke kwenye ndege, akanyage udongo wake, apigwe picha.

Siku ya kuposa tuliketi pande mbili tukitazamana. Desturi inataka msemaji wa nyumba ya binti akatae, aweke vikwazo, nasi tubembeleze, huku wote tukijua kwamba binti yuko chumba cha nyuma na amekwisha kuvaa. Baba yake hasemi kitu. Msemaji ndiye kinywa chake.

"Mzee, muko batu ba wapi?" msemaji wao aliniuliza.

"Ba Nkombo."

"Hiyo iko mu ramani gani? Sisi tunajua Kamembe, tunajua Bukavu." Akawageukia watu wake. "Kuna mwenye anaijua?"

Wakatikisa vichwa kwa furaha.

Mjumbe mwenye akili angecheka. Mimi nilitoa hotuba juu ya kutambuliwa kwa mataifa. Nilipofika kwenye kanuni ya usawa, dada alinikanyaga mguu.

"Papa profesa, asante," msemaji akasema. "Masomo tumesikia. Sasa tusikie ng'ombe."

Nikataja ng'ombe. Vigelegele vikapigwa. Hapo ningekaa chini. Badala yake nikasema, "Nasi tuna sharti moja. Kabla ya arusi, baba wa binti aje kula kwetu, kisiwani."

Watu wao wakageukiana. Upande unaoomba hauweki masharti. Ni kama mgonjwa kumpangia daktari dozi. Mpwa wangu alinitazama kama mtu anayeona arusi yake ikizama. Msemaji wao, aliyekuwa na jibu la kila kitu, akanong'ona, "Hii haikukuwa mu programu," akamtazama baba wa binti.

Mzee akasafisha koo na, kinyume cha desturi yote, akasema mwenyewe.

"Mimi sikukatala kukuya. Mimi naogopa mayi ya ziwa."

Mkewe alificha uso kwenye kitenge, mabega yakitikisika. Mzee akaona bora amalize yote. "Hata nikienda Bukavu, pale ku daraja, sitazamake chini."

Kicheko kilianzia kwao kikavuka hadi kwetu. Dada akasimama; desturi ilikwisha kuvunjika tayari.

"Mzee, nitakushika mukono mimi mwenyewe. Hii ziwa ninaivukaka tangu niolewe, haijanimeza."

"Na ikinimeza mimi?"

"Tutakuzika kwetu. Utakuwa umefika."

Mzee alifikiri. "Jumamosi," akasema. "Asubui, mbele ya upepo kuanza."

Jumamosi alikuja na suti, na juu ya suti jaketi la kuokolea. Alimshika dada mkono, akafumba macho, akaimba nyimbo za kanisa, hata zile beti ambazo kwaya huziruka.

Alipokanyaga udongo, dada hakumpeleka nyumbani moja kwa moja. Alimpitisha kanisani, shuleni na kwa majirani wote. "Huyu njo mukwe wangu. Anakuya kula kwangu." Chakula kikapoa. Mzee alisalimia kila mtu, na jaketi hakulivua hata mezani. Aliomba aongezewe sambaza, kisha akaomba tena.

Alasiri upepo ukaanza. Mzee alikwenda mlangoni, akalitazama ziwa kwa muda, akarudi kwenye kiti chake.

"Kwani kesho kuna mutumbwi?" akauliza.

Dada alishaingia chumbani. Alikuwa anatandika mashuka mapya.