Siku Tuliyompekua Mzee wa Biro

Mwaka wa pili baada ya uhuru nilikuwa karani katika biro moja, yaani ofisi ya bandari, hapa Kalemie. Tulikuwa makarani wanne chini ya mkuu mmoja, pamoja na mzee mmoja aliyefagia na kupeleka barua. Vitu vilianza kupotea kidogo kidogo: leo sukari ya chai, kesho mwavuli, siku nyingine kalamu ya wino. Mwenye kitu aliulizia, wengine wakacheka, ikaisha. Wazungu walipokimbia na kuvuka ziwa, karibu kila mmoja wetu alibeba kiti au taa yao nyumbani, na hakuna aliyesema huo ni wizi.

Kisha ikapotea triko yangu, sweta ya sufu. Mke wangu aliifuma kwa mikono yake, ya bluu, kwa ajili ya upepo wa ziwa wa mwezi wa saba. Niliiacha juu ya kiti nikaenda gatini. Niliporudi, kiti kitupu. Sijui nani alianza kusema "yule mzee", ila mimi ndiye niliyemzuia mlangoni saa ya kutoka.

"Papa, fungua mfuko."

Alinitazama kama hakusikia vizuri. Wenzangu watatu walikuwa wamesimama nyuma yangu. Akapiga magoti taratibu, akatoa kimoja kimoja na kukipanga sakafuni: mihogo miwili ya kuchemsha, rozari, shati la kazi lililochanika begani. Tukamwambia basi, nenda.

Siku ya Mungu, baada ya misa, nilikwenda kumsalimia karani mwenzangu mmoja aliyekuwa akiumwa malaria. Alinifungulia mlango mwenyewe, amevaa triko yangu.

Nilingoja ashtuke, ajitetee, aombe radhi. Alinivutia kiti.

"Hiyo triko," nikasema.

"Njo yako, ndiyo yako. Homa ilinianzia palepale biro, nikaichukua. Nilifikiri utaniuliza."

"Na mwavuli? Na kalamu?"

"Viko pale." Akaonyesha kona. "Ndugu, si sisi wote tulichukua vya Wazungu? Leo unaniita mwizi?"

"Lakini ulisimama pale mzee akipekuliwa, na triko iko ndani ya mfuko wako! Ukanyamaza!"

"Mimi sikumufungulisha mufuko. Njo wewe."

Mkewe alileta chai. Sikumbuki kama niliinywa.

Jumatatu nilieleza yote mbele ya wenzangu. Nilidhani watashangaa kama mimi. Mmoja aliuliza tu kama mwavuli wake haujavunjika. Mkuu wetu akasema, "Hayo ni mambo ya ndugu, mumalizane," akarudi kwenye karatasi zake.

Nikamfuata mzee uani, alikokuwa akikung'uta mkeka wa mlangoni. Nilimwomba radhi.

Aliendelea kukung'uta kwanza. Kisha akasema, "Miaka kumi na moja nafungua biro hii asubuhi, niko peke yangu ndani. Ufunguo njo mimi ninao. Hamukuwaza hilo?"

Hatukuwa tumewaza. Hata mmoja wetu.

Mwezi ule haukuisha, akaacha kazi akarudi kwao Mpala. Karani yule nilifanya naye kazi miaka mitatu zaidi, meza yangu karibu na yake, na kila asubuhi alinisalimia vizuri.