Jina la Mwisho Kwenye Orodha ya Wagonjwa

Karani wa kanisa, bibi mzee, huvaa glavu nyeupe, humung'unya pipi ya mnanaa mpaka iishe, ndipo asome majina ya wagonjwa wa kuombewa. La mwisho halibadiliki: "Cleotha Pettway." Vernice, bintiye Cleotha, huinamisha uso, maana baba yake alizikwa nyuma ya kanisa hilohilo miaka tisa iliyopita. "Bibi kachanganyikiwa," watu humnong'oneza. "Mvumilie tu, dada." Karani huwasikia, kisha huikunja karatasi yake mara nne.

Jumapili hii alikuja daktari wa hospitali kubwa ya mjini, kuwaomba waumini watoe damu kwa ajili ya utafiti. Karani alimwacha amalize.

"Ule uvimbe mliomkata Cleotha," aliuliza kwa upole, "mkaondoka nao bila kumwuliza mtu, uko wapi, mwanangu?"

Daktari akachangamka. "Tunao, mama! Chembe za mwili wake zi hai mpaka leo. Zinakua chupani kila siku."

Watu wakaacha kujipepea. Vernice aligeuka polepole kulitazama dirisha la upande wa makaburi. Karani akaikunjua tena karatasi, akaishika kwa mikono yote miwili.

"Cleotha Pettway," akasoma. "Bado hajaruhusiwa kutoka hospitali."