Chupa ya Chai Chini ya Kaunta

Watu huniuliza nilipataje udiwani hapa Walthamstow, London, mimi muuza unga na nywele za kusuka. Wanatarajia nitaje sera. Mimi nawaambia ilikuwa chai, na hawaniamini.

Miezi ya kwanza dukani nilikuwa nahesabu nzi. Siku moja akaingia muuguzi mstaafu, rika la mama yangu, anatetemeka kwa baridi. Nikammiminia chai ya maziwa kutoka chupa yangu, nikampa na mandazi. Kesho yake alirudi na wenzake watatu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli duka likapona. Tangu hapo chupa haikukauka, na kwenye benchi langu watu wakawa wanamwaga shida zao: nyumba zenye ukungu, taa za barabarani zisizowaka, barua za kaunsili, yaani halmashauri ya huku, zisizoeleweka. Nikawa nawaandikia majibu. Mdomo wangu hauna breki, na barua zangu zilikuwa vivyo hivyo.

"Badala ya kuwaandikia hao watu wa kaunsili kila siku," Mama yule muuguzi aliniambia, "si uende ukae nao?"

Nilicheka. Wiki iliyofuata nikachukua fomu ya udiwani, mgombea binafsi.

Wakala wangu wa uchaguzi alikuwa jirani Mwingereza, karani mstaafu, anayependa sheria kama wengine wanavyopenda mpira. Alipoingia dukani mara ya kwanza akakuta wapiga kura wanane wanatafuna mandazi ya bure. Rangi ikamtoka. Akanieleza taratibu kwamba huku kumlisha mtu ili akupe kura ni kosa, na naweza kushinda kisha nikanyang'anywa kiti.

"Lakini nimewapa chai miaka yote!"

"Miaka yote hukuwa unaomba kura," akasema.

Nilikasirika sana. Kwetu mwanasiasa asiyekununulia hata soda ndiye wa kutiliwa shaka. Lakini nilikitaka kile kiti, kwa hiyo nikaificha chupa chini ya kaunta.

Jumamosi hiyo nilikuwa nimewaalika akina mama wa mtaa kwenye ukumbi wa kanisa. Bila wao sikuwa na pa kuanzia. Wakaja, viti vikajaa, na macho yote yakaenda kwenye meza tupu kule nyuma, kisha yakanirudia mimi. Nikaeleza habari za takataka. Nikaeleza ukungu. Hakuna aliyepiga makofi.

Mmoja akamnong'oneza mwenzake, nasi sote tukasikia: "Huyu akipata kiti si atatunyima hata maji?"

Nikashindwa kuvumilia. Nikawaambia yote: sheria, wakala, chupa iliyofichwa, na aibu niliyokuwa nayo kuwakalisha watu wazima midomo mikavu.

Mama yule muuguzi akasimama. "Sheria inamkataza yeye kutulisha sisi. Kuna inayotukataza sisi kumlisha yeye?"

Nikamtafsiria wakala, aliyekuwa ameketi karibu na mlango. Akavua miwani, akafikiri, akasema hajui sheria ya namna hiyo.

Mama akafungua mkoba, akatoa chupa yake. Wiki nzima alikuwa amekosa chai dukani, akaamua kujibebea. Akanimiminia mbele ya wote, na ukumbi mzima ukashangilia. Nililia nikinywa.

Habari zikaenea. Kila mlango niliobisha ulikuwa na kikombe kinachonisubiri, hata kwa yule Mhindi mzaliwa wa Kisumu ambaye Kiswahili chake kinanipiga chenga. Sikuweza kukataa. Kufikia siku ya kura, wakala wangu, aliyezunguka nami na kunywa nami, alikuwa anajua vyoo vyote vya mtaa.

Kura zilihesabiwa asubuhi, zikahesabiwa tena kwa sababu tofauti ilikuwa ndogo. Nilishinda. Nilikwenda dukani moja kwa moja, nikawasha jiko, nikaitoa chupa chini ya kaunta. Wakala aliitazama, kisha akanyoosha kikombe chake.

Lakini wa kwanza niliyemmiminia alikuwa Mama, aliyekuwa ameketi benchini na koti lake, akinisubiri tangu nilipofungua mlango. Akaonja. Akakunja uso kidogo kwa sababu sukari ilizidi.

"Haya, diwani," akasema. "Ile taa ya mtaani kwangu bado haiwaki."